Doa Lililokataa Kupauka

Ziada wa Ujiji haamini dumu la mawese mpaka alifungue. Umpelekee wewe, hata kama mmetoka tumbo moja, atachomoa kijiko chake cha bati kwenye mkunjo wa khanga, atachota kidogo, atakiweka juu ya kaa la moto na kutega sikio. Mafuta yakitulia, ni mazuri. Yakitatarika, yana maji, na hapo muuzaji ajiandae, maana atasikia yake na ya ukoo wake mzima. Sokoni wanamwita Ziada Kijiko. Hakasiriki. Anasema afadhali aitwe Kijiko kuliko kuitwa Mjinga.

Na wala si mawese tu. Siku Nassib alipoleta posa, Ziada alituma mtu mpaka mwalo wa Katonga kuulizia kama kijana yule kweli ni fundi wa maboti au anaazima msumeno wa watu. Akaambiwa ni fundi, tena fundi hasa. Bado akauliza: "Na hana mke Bujumbura?" Hakuwa naye. Ndoa ikafungwa, akazaliwa Tausi na wadogo zake, wakazeeka kidogo wote wawili, na Nassib akazoea kuishi na mwanamke anayenusa kila kitu kabla ya kukigusa. Kule mwaloni alikuwa akiwatania wenzake: "Mke wangu mimi, malaika wakija kumhoji kaburini, atawaomba vitambulisho kwanza."

Mtu mmoja tu aliwahi kusifiwa na Ziada bila kuongezewa "lakini". Huyo ni Nesi Joanitha, Mhaya aliyehamishiwa Kigoma, ambaye siku moja aliwakusanya wanawake barazani pa kituo cha afya akawatolea titi la kitambaa. Ndiyo, titi la kitambaa, limeshonwa likajazwa sufi, na humo ndani kimefichwa kitu kigumu mahali usipopajua. Likapitishwa mkono kwa mkono. "Lipapaseni polepole. Ukikipata, nyamaza, mpe mwenzio." Akawaeleza ya kuangalia: uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani, chuchu iliyokuwa nje ikaanza kuzama ndani, majimaji au damu chuchuni wakati hunyonyeshi, ngozi inayovutika, au yenye vishimo kama ganda la chungwa, titi moja kubadilika umbo, wekundu au kidonda kinachokataa kupona. Si kila uvimbe ni saratani, akasema, ila wa kusema ni nini ni hospitali, si jirani.

"Na kama hauumi?" Ziada akauliza.

"Mara nyingi mwanzoni hauumi, mama. Ukingoja uume, umechelewa. Usiouma ndio uushuku."

Ziada akampenda nesi hapo hapo. Hatimaye ametokea msomi anayefundisha watu kushuku! Halafu Veneranda, jirani yake, Muha mwenye mdomo na muuza samaki wa migebuka pale Katonga, akanyoosha mkono: "Nesi, na wanaume wetu nao wajipapase?" Kicheko kilichotoka hapo kilifika barabarani. Wengine walipigana vibao vya mapajani. Nesi alijibu, midomo yake ilionekana ikisogea, lakini nani alisikia? Ziada mwenyewe alikuwa anajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Wakatawanyika wakiwa wanacheka.

Basi mwanamke wa namna hiyo, kabla mwaka haujaisha, aliletewa doa.

Lilikuwa kwenye shati la Nassib, upande wa kushoto, chini kidogo ya mfuko, kadogo tu. Nassib huziba nyufa za maboti kwa pamba iliyolowekwa mawese, kwa hiyo mashati yake hayajawahi kuwa na amani. Ziada aliliulizia lile doa kwa mazoea tu.

"Hii nini, Baba Tausi?"

"Mawese hayo. Kwani hujui kazi yangu?"

Ziada akafua, akaanika. Sasa sikilizeni. Doa la mawese analijua kama anavyojua viganja vyake. Sabuni haliiogopi, ukilifua linabaki la njano linakutazama. Lakini lianike juani, jua litalila lenyewe, na jioni utalitafuta usilione. Ndivyo mawese yalivyo tangu mababu. Lile doa jua halikulifanya kitu. Akalianika tena kesho yake, kutwa nzima. Likabaki pale, la kahawia, na ukingo wake umekoza.

"Ananidanganya," Ziada akasema peke yake chini ya kamba ya nguo. "Tena ananidanganyia mawese, mimi!" Hata uongo wenyewe haukumuuma kama ile dharau.

Akawaza: hina? Rangi ya mdomo? Mafuta ya nywele? Kichwa cha mwanamke kikilazwa kifuani pa mwanamume hulala upande ule ule wa moyo. Tangu siku hiyo akaanza kumchunguza mumewe kama dumu la mtu asiyemfahamu.

Na anayetafuta hakosi. Kwanza, Nassib alianza kufua mashati yake mwenyewe. Mwanamume ambaye tangu aoe hakuwahi kujua sabuni inakaa wapi! Pili, aliacha kukaa kifua wazi. Mafundi wa Katonga hufanya kazi kifua wazi na kuoga ziwani wakimaliza, ndivyo walivyo wote. Nassib akawa anashinda na shati la mikono mirefu kwenye jua la kupasua kichwa, na kulala analala nalo, mgongo kwa mkewe. Ukimgusa bega anashtuka.

La tatu ndilo lililomchoma. Chakula kikiwekwa mkekani, Nassib alikuwa hakigusi. Anasema, "Anza wewe, Mama Tausi." Anamtazama akimega, akitafuna, akimeza. Ndipo naye anamega kidogo, kwa uvivu. Ziada akajua, au alidhani amejua: huyu anakula kwingine. Ana jiko jingine mahali, lenye mpishi mwingine, na hapa nyumbani anakuja kushikilia heshima. Akawa analia akisonga ugali, kisha anafuta uso na kuupeleka mkekani kama hakuna kitu. Kiburi chake hakikumruhusu kuuliza kabla hajapata ushahidi.

Ushahidi aliuleta Veneranda. Kama mjuavyo, dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hulala majumbani na maboti yote hupandishwa nchi kavu. Hapo ndipo fundi anapopata kazi ya kumtoa jasho. Lakini siku za mwezi mkubwa Veneranda akaja akiwa na beseni lake kichwani, hata hakulitua.

"Shoga, mumeo mgonjwa?"

"Amekwenda kazini. Kwa nini?"

"Kazi gani? Maboti yamejaa mchangani yanamngoja, watu wanamtukana. Nimemwona kwa macho yangu anapanda gari la Ilagala. Na mwezi uliopita hivyo hivyo."

"Ilagala kuna nini?"

Veneranda akabinua midomo. "Mimi nitajuaje? Labda kuna boti."

Mwanamume wa Kiislamu ana haki ya kuongeza mke, hilo Ziada analijua, lakini aje aseme, asimfiche kama mwizi wa kuku. Kumpoteza Nassib kwa mwanamke wa Ilagala, baada ya miaka yote ile, aliona ni kama kukatwa mguu huku watu wanatazama. Alimpenda yule mwanamume. Kwa kushuku kwake kote, hilo hakuwahi kulishuku.

Mwezi uliofuata ulipokua, alimwacha Nassib atangulie, naye akachukua dumu tupu na kijiko chake, akapanda gari la nyuma. Mtu akimuuliza, amefuata mawese. Ilagala akamkuta mama mmoja anauza mihogo kando ya njia. Akasalimia, akazunguka zunguka na habari za mavuno, mwisho akatupa ndoano: fundi mmoja wa Ujiji, mrefu, hapiti huku?

"Mwenye shati la mikono mirefu? Anapita."

"Anakwenda kwa nani?"

Mama akaonyesha kwa midomo ua wa matete karibu na michikichi. Ziada akaenda. Alipokaribia akasikia kicheko cha mwanamke ndani ya ua, laini, cha kijana. Damu ikampanda. Hakubisha hodi.

Aliyecheka alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, ameketi mkekani na wagonjwa wenzake wakingoja zamu. Mbele yao mzee mmoja wa dawa, kibuyu mapajani. Na mbele ya mzee, Nassib.

Nassib alipomwona mkewe alirudi nyuma, akajibanza kwa mzee kama aliyeona nyoka mlangoni. Mzee akamtazama Ziada kutoka kichwani mpaka miguuni, akatabasamu upande.

"Si nilikwambia atakufuata?" akamwambia Nassib. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Ziada akabaki amesimama na dumu lake. Hakuna mwanamke? Basi ni dawa. Dawa ya nini, kama si ya kumfumba yeye macho ili huyo mwanamke aingie nyumbani kwa amani? Ukishaanza kushuku, kila mlango unaoufungua unakupeleka kwenye chumba kile kile. Wakarudi Ujiji gari moja, Nassib mbele kwa dereva, Ziada nyuma kabisa.

Nyumbani hakukuwa na mtu; Tausi ameolewa Kasulu, wadogo wako madrasa. Ziada akafunga mlango, akauegemea.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako."

"Mwanamke gani? Ziada, niache."

"Vua shati."

"Sivui."

"Kifua hicho nimekilalia tangu sina hata unywele mmoja mweupe, leo nanyimwa kukiona? Amekuandika jina? Amekuuma? Vua nione alama yake!"

"Usinisogelee!" Sauti yake ilipasuka, na Ziada akashangaa, maana haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya woga. Nassib, anayebeba ubao wa boti peke yake, alikuwa anamwogopa. Lakini Ziada alikuwa ameshachelewa kujizuia. Alilikamata shati kwa mikono miwili, vifungo vikaruka, vikatawanyika sakafuni.

Hakukuwa na jina. Kulikuwa na dawa nyeusi iliyopakwa kifuani kwa kidole. Ziada akachovya ncha ya khanga kwenye maji ya mtungi, akaifuta, na Nassib, kwa kuchoka tu, akamwacha. Chuchu ya kushoto haikuwepo mahali pake. Ilikuwa imezama ndani, imeivuta na ngozi iliyoizunguka ikafanya mikunjo na vishimo vidogo. Ikatoa tone la majimaji yenye damu, likashuka taratibu.

Hilo ndilo doa.

Vidole vya Ziada vikajiendea vyenyewe. Vilikuwa vinakumbuka titi la kitambaa. Chini ya ile chuchu vikakutana na kitu kigumu kama kokwa ya mchikichi, hakisogei. Kwapani kingine, kidogo.

"Kinauma?"

"Hakiumi hata kidogo."

Ziada akaketi chini, shati mkononi. "Ya Rabi, hakiumi," akasema. "Tangu lini, Baba Tausi?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Kalianza kadogo."

"Na hukuniambia?"

Nassib akatazama ukuta. Ndipo akayatoa. Dada yake mkubwa, Mungu amrehemu, alikufa kwa donda la titi, na ukoo mzima ulisema amerogwa. Yeye alipoona chake kinaanza pale pale, akajua ni wale wale wamerudi. Tena yeye mwanamume! Mwanamume anaota ugonjwa wa titi, kama si uchawi ni nini? Angemwambia nani pale mwaloni? Akaenda kwa mzee wa Ilagala. Na mzee akatazama kibuyu chake, akasema mchawi hayuko mbali. Ni yule anayekufulia nguo na kukupikia.

Ziada akalitazama shati mkononi mwake.

"Mimi," akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Ndiyo maana ukaanza kufua mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na 'anza wewe, Mama Tausi'..."

Nassib akainamisha kichwa. Kwa Waha, mwenye kukaribisha pombe huinywa yeye kwanza, mgeni aone haina kitu. Nassib alikuwa akimfanyia hivyo mkewe, kwenye mkeka wake mwenyewe, kila mlo, mwezi baada ya mwezi. Ziada alikuwa anadhani mume ameshiba chakula cha mwanamke mwingine, kumbe alikuwa anangoja aone kama mke atakufa.

Akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama anavyoliliwa mtu aliyekufa. Tusi kama lile hakuwahi kutukanwa, na yeye ametukanwa na wauza mawese wote wa mkoa! "Nakuzalia, nakuuguza, naamka alfajiri nakupikia, unaniita mchawi, Nassib? Bora ungekuwa na mwanamke. Wallahi, bora ungekuwa naye!"

Kisha akafuta uso. Alikuwa na hasira ya kuweza kumpiga, ila kokwa ile ilikuwa bado kwenye ncha za vidole vyake. "Niite mchawi ukitaka. Kesho unakwenda na mchawi wako kwa Nesi Joanitha."

Haikuwa kesho. Ilimchukua siku kadhaa za kubishana, na Nassib alipokubali, alikubali kwa sharti: Ziada ndiye aingie. Aseme kitu kiko kwake. Aeleze kila dalili, achukue dawa, amletee. Yeye hawezi kusimama katikati ya wanawake akasema anaumwa titi. Ziada aliuona upuuzi wake, lakini angefanyaje? Akaona atangulie kwanza kumwingiza getini, mengine ni baadaye.

Wakakaa kwenye benchi. Wanawake wa kliniki wakamtupia Nassib jicho la pembeni. "Huyu anamlinda mkewe asiseme nini?" mmoja akanong'ona, na mwingine akaguna. Ziada, bingwa wa kushuku, alijionea siku hiyo inavyokuwa kushukiwa. Akaitwa.

Nesi akasikiliza: uvimbe usiouma, chuchu imezama, majimaji ya damu, kingine kwapani. Uso wake ukabadilika. Akanawa mikono, akampapasa Ziada upande huu, akampapasa upande ule, akarudia.

"Mama, mbona sioni kitu? Uko wapi huo uvimbe?"

Ziada akafunga khanga yake. "Uko nje, nesi. Umekaa kwenye benchi."

Nesi Joanitha hakucheka. Alitoka mwenyewe, akamwinamia Nassib na kumwambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo, baba. Njoo ndani," na akafunga mlango nyuma yake. Alipomaliza kumpima alisema hawezi kutaja jina la ugonjwa kwa vidole tu, lakini hataki Nassib alale siku nyingi nyumbani. Akamwandikia hospitali ya mkoa.

"Lakini mimi ni mwanamume," Nassib akasema, kana kwamba nesi hajaliona hilo.

"Mwanamume naye ana titi, baba, dogo tu. Si wengi wanaopata, lakini wapo, na wengi wao huja wamechelewa kwa sababu ya aibu." Akamgeukia Ziada. "Siku ile niliwajibu. Mlikuwa mnacheka."

Ziada akainama. Alikikumbuka kile kicheko, na machozi aliyoyafuta kwa upindo wa khanga, na akaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Huko mkoani Daktari Bariki alitoa kinyama kidogo kwa sindano kikapelekwa kupimwa. Aliuliza habari za ukoo, na aliposikia ya dada akatikisa kichwa polepole. Akasema yawezekana ile ni damu yenu, si mchawi. Mabinti nao wafike wapimwe. Majibu yalipokuja yalikuwa ni saratani. Wakaenda Mwanza, Nassib akakatwa titi, akaanza dawa, akatapika, akakonda, akarudi Ujiji mkono wa kushoto haupandi. Daktari hakuwadanganya: ugonjwa umekutwa kwapani pia, ingekuwa bora kama wangefika mapema, tiba itaendelea na kila baada ya muda aonekane. Ziada akamhoji mpaka akaridhika, akaomba aonyeshwe kila kidonge ni cha nini. Daktari akasema hajawahi kuona mlinzi kama huyo.

Veneranda alileta migebuka, akakaa, akalia kidogo, akaomba radhi kwa ile ya Ilagala. Alipotoka, alikwenda mwaloni akawaambia wanaume wote wajipapase, na safari hii hakuwa anatania. Walimtukana. Lakini siku mbili tatu baadaye wawili walionekana wakimngoja Nesi Joanitha mlangoni, kila mmoja akidai amemsindikiza mwenzake.

Yote hayo yakawa. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo kisu cha Mwanza hakikuligusa.

Tangu siku ya lile shati, Ziada hakungoja tena kuambiwa "anza wewe". Akiweka chakula mbele ya mumewe, hospitalini, njiani, nyumbani, alimega tonge la kwanza yeye, akachovya, akatafuna akimtazama machoni, akameza, ndipo akamsogezea sahani. Majibu ya maabara Nassib aliyasikia kwa masikio yake, mchawi hakutajwa humo, lakini kumwambia mkewe "acha" hakumwambia, na Ziada hakujua kama ni aibu au kama lile neno la mzee bado limekaa mahali humo ndani, kimya, haliumi. Aliweza kukipapasa kifua chake. Moyo wake hakuwa na namna ya kuupapasa. Usiku alimfunika shuka, mchana alimwonjea chakula.

Mchana mmoja, mbalamwezi imerudi na nyundo za mafundi wengine zinasikika zaidi akilini mwa Nassib kuliko masikioni, Ziada alipika migebuka kwa mawese na kitunguu, akasonga ugali. Akaweka mkekani. Akamnawisha. Akanyoosha mkono kumega tonge lake la ushahidi.

Nassib akaudaka mkono huo kwa mkono wake mzima.

"Usionje, Mama Tausi."

Ziada akamtazama. Alimchunguza uso kama anavyotega sikio kwenye kijiko, akingoja kisikike kitu, hata kidogo. Hakusikia kitu.

Nassib akamwachia mkono, akamega tonge kubwa la mwenye njaa, akalichovya mpaka kwenye mafuta ya chini, akala. Akatafuna. Akasita kidogo.

"Chumvi imezidi," akasema, na akamega jingine.